Behewa Lisilo na Reli

Nnakumbuka siku moja yenye harufu ya vitunguu, mjukuu wangu, na leo umenikumbusha wewe. Umeendesha gari mbio kutoka Al Khuwair, hata salamu hukuimaliza, unataka kuvunja posa kwa neno moja la simu. Mchumba wako, kijana aliyekulia Dar es Salaam, kaandika kwamba babaako ni mjanja. Haya, umesoma, umewaka moto. Sasa kaa kitako, unywe kahawa, unisikilize. Mimi mguu unaniuma siendi popote, na wewe huendi popote.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya sitini. Sisi tumetoka bara, Tabora, juzijuzi tu, tumerundikana Matrah, hapa hapa Maskati, watu chungu nzima ndani ya vyumba viwili. Mimi nimeposwa na Khalfan, ndiye babu yako. Nikimpenda, na nnasema hivyo bila ya haya, maana kwa umri huu nani atanifanya nini? Lakini mamaake, Bi Zuwena, alikuwa mwanamke wa Mji Mkongwe, Unguja, kichwa juu. Akaleta salamu kwamba hamwozeshi mwanawe kwa watu wasio na hata pahala pa kumkalisha mgeni. Atakuja mwenyewe kutazama, na asiporidhika, posa basi. Mie usingizi ukanipaa.

Mkubwa wetu alikuwa Ami Seif, ndugu wa baba yangu, aliyefanya kazi kwenye treni za Tabora mpaka akaota mvi. Kaja Maskati, nchi haina reli hata ya dawa! Siku moja, nyuma ya soko, akalikuta behewa la treni, kuukuu, halina magurudumu, limekalishwa juu ya mawe. Tajiri mmoja alilinunua Karachi akalileta kwa meli apate mbao zake, halafu akaona afadhali aweke vitunguu. Ami Seif alipoliona alilia. Wallahi, mtu mzima na ndevu zake analilia behewa. Akamwomba tajiri amwache alitengeneze, bure, kwa mapenzi tu.

Akapata wenziwe wawili wa kujitolea, Hamdan seremala na Mzee Salim mshona kanzu. Kila Ijumaa wako pale, wanakuna kutu, wanapiga randa, wanagombana. Ami Seif anataka rangi ya udongo kama ya Tabora, Hamdan anataka kijani. Mwisho nje likawa la udongo, ndani la kijani, na wiki nzima hawasemeshani. Mzee Salim akashona mito ya viti kwa vitambaa vilivyobaki kwenye kanzu za watu. Wapita njia wakiwauliza, "Linakwenda wapi hili?" Ami Seif anajibu, "Lipendeze kwanza, safari baadaye."

Fahari yake kubwa ilikuwa kitasa cha mlango. Kilikuwa kimekufa, akakifufua. Ukiusukuma mlango kidogo tu, ta! umejifunga, haufunguki ndani wala nje ila kwa ufunguo, na ufunguo uko shingoni mwake.

Basi tulipokosa pahala pa kumpokea Bi Zuwena, Ami Seif akajitolea kutupa behewa lile. Akampa mtu salamu: "Mwambieni Bi Zuwena karibu sana, behewa limekwisha kutengenezwa, tutampokea humo."

Wewe uliyezaliwa huku hujui. Kwetu sisi watu wa bara, behewa ni chumba cha treni. Kwa Bi Zuwena, behewa ni ule ua wa ndani ya jumba la mawe, wazi juu, wanawake wanakaa wanapiga soga. Mwenye behewa ana jumba! Basi bibi wa watu akavaa dhahabu zake zote, akakusanya shangazi na mashoga, akaja.

Alipofika akasimama juani, anatazama huku na huku.

"Behewa liko wapi?"

Ami Seif, kofia yake ya kazi kichwani, akanyoosha mkono. "Si hili hapa, bibi."

"Hili gari moshi!"

"Ndiyo, behewa lake."

"Mnaniita kwenye bohari ya vitunguu mkasema behewa? Mnanifanyia stihizai?"

Yarabi, nilitamani ardhi ipasuke. Nikamnong'oneza bibi yangu, aliyesimama nami, aseme hawa wazee wenye mafuta mikononi si wetu. Bibi akanikazia macho. "Wamejichubua mikono upate pahala pa kukaa na wakweo, unawakana kwa sababu ya kelele? Nenda kamimine kahawa." Kisha akamgeukia Bi Zuwena, mpole kabisa: "Mwenzangu, ugomvi juani unachosha. Ingia kivulini, ututukane umekaa."

Basi akaingia, maana jua la Maskati halina heshima kwa dhahabu. Sote tukaingia. Adhana ya alasiri ikalia, wanaume wakaenda msikitini, upepo ukausukuma mlango. Ta!

Tumefungiwa. Tumepiga makelele weee, hakuna wa kutusikia. Shangazi mmoja wa Khalfan, mnene masha Allah, katika kuhangaika akakanyaga gunia la vitunguu lililosahauliwa chini ya kiti, akalisaga lote. Loo! Macho yakawaka, machozi yakamwagika, kila mtu anavuta kamasi.

"Mimi silii," akasema Bi Zuwena, anajifuta kwa ncha ya shela. "Ni vitunguu." Halafu akasema tena kwa sauti ndogo, "Behewa letu lilikuwa na mkomamanga. Sijui sasa nani anautia maji."

Bibi yangu akasema, "Letu lilikuwa likitupeleka Kigoma kwa dada yangu."

Hapo wakashikana mikono wakalia kila mmoja behewa lake, mpaka yule shangazi mnene akasema, "Na mie nnalilia viatu vyangu." Wakaangua kicheko, dhahabu zinalia kama njuga. Kahawa ikanywewa, halwa ikaliwa, matusi yakasahauliwa.

Ami Seif akarudi, akasikia vishindo, akafungua mbiombio. Kwa kuchanganyikiwa, mdomo ukarudi Tabora: "Kituo! Wa kuteremka wateremke!"

Bi Zuwena hata hakuinuka. "Hateremki mtu hapa mpaka mseme harusi lini."

Na harusi ya wanawake tuliifanyia humo humo. Bi Zuwena, mavyaa yangu, nimekaa naye miaka mingi, Kiunguja hiki unachokisikia ni chake, na kila tukimenya vitunguu akiniambia, "Ningeliuliza behewa gani, nisingelipiga kelele juani."

Basi nasaha yangu ndiyo hiyo, mwanangu. Watu wetu wametoka kila upande, neno moja lina nyumba nyingi. Likikuchoma, usilijibu kwa hasira, liulize limetoka nyumba gani. Na jamaa zako, hata wakikutia haya mbele ya watu, usiwakane. Pengine kwa yule kijana mjanja ni mtu hodari, mwenye akili, si mlaghai. Pengine siyo. Shika simu umuulize.

Mungu akupe nyumba yenye behewa, la jumba au la treni, na akupe mkwe wa kucheka naye mlango ukifungwa. Amin.

Haya, piga. Na akikwambia alikusudia ujanja ule mwingine, usigombe. Babaako nimemzaa mimi, namjua.