Matabaka Yaliyoegemea Upande Wetu

Jiwe lililomlalia mama halikulia kishindo. Lilikwaruza, kama mtu anayeburuta bati juu ya saruji. Kukawa kimya. Kisha nikamsikia akiniita kwa sauti ya chini sana.

Sisi huvunja kokoto kule Kalama, kwenye mteremko nyuma ya shamba. Tunawasha moto juu ya mwamba, mwamba ukishapata joto kabisa tunaumwagia maji, unapasuka. Halafu tunachimba chini yake, pale palipo laini panapong'aa, ili bamba la jiwe lishuke lenyewe, litupunguzie kazi ya nyundo.

Siku tatu kabla, alipita msichana wa chuo kikuu anayesomea mawe. Alinionyesha michirizi iliyojikunja mwambani kama shuka lililosukumwa ukutani. Akasema yote hayo yalikuwa matope, chini kabisa ya bahari. Mabara mawili yakaja yakakutana, yakayabana, yakayakunja na kuyapika mpaka yakawa jiwe. Bahari sijawahi kuiona, kumbe naivunja kila siku!

Akiondoka alisema, "Lakini siz, hapa matabaka yameegemea upande wenu. Hapo panapong'aa huteleza. Msichimbe chini yake."

Jioni nilimsimulia mama bahari yote. Akacheka akishika mbavu.

"Bahari, hapa Kalama? Na samaki je, mlikula na huyo mgeni wako mkaninyima?"

"Mwaitu, mama yangu, si utani!"

Tulicheka mpaka ugali ukashika chini. Lile onyo sikulisema. Sikulificha, nilikuwa nimejaa bahari tu, likanitoka akilini.

Mama akachimba palepale panapong'aa.

Majirani waliliinua bamba kwa mitaimbo. Hospitalini mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Alipoweza kuongea alinitania, "Hiyo bahari yako ni nzito, mwanangu." Ndipo nikamwambia yote, nikilia kwenye shuka lake.

Aliniwekea mkono kichwani. "Hata ungeniambia, labda nisingesikia."

Angesikia. Mama hunisikia hata nikiongea upuzi.

Wiki iliyofuata jirani mmoja aliuliza kama anaweza kuendelea kuchimba pale, kwa kuwa sisi tumeacha. Nilimkatalia, nikamweleza kuwa panateleza, lakini sikuona kama ameelewa. Kesho yake asubuhi nikapanda mteremko peke yangu na panga. Nikakata matawi ya mgunga, nikayaburuta moja moja, nikaziba pale panapong'aa, miiba ikitazama nje.