Mnyororo Uliokatazwa Mafuta

Harufu ya oleo chafu, mafuta yaliyokwisha kuungua ndani ya injini, ndiyo iliyoniamsha asubuhi nyingi za utoto wangu pale Palma. Baba aliisimamisha mota yake, pikipiki ya kubebea abiria, kwa stendi ya kati, akalizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaudondoshea mnyororo mafuta kutoka kwenye kopo la maziwa alilolitoboa kwa msumari. Alipenda kusema kwamba mnyororo mkavu hujila wenyewe, na hilo sina ubishi nalo. Kasoro yake ni kwamba hakuwahi kufuta yaliyozidi, na mota iliposhika mwendo, yaliyozidi yalirukia nguo za abiria. Wanawake wa kwetu huketi upande, miguu yote kushoto, na mnyororo nao uko kushoto. Kwa hiyo kila mwanamke aliyebebwa na baba alishuka na vidoadoa vyeusi kwenye pindo la kapulana yake, nguo ya kujifunga kiunoni, na vidoa vile havitoki kwa sabuni yoyote.

Mama alianza kuyachunguza mapindo kiangazi cha mwaka nilioingia shule. Kisimani, sokoni, hata harusini, macho yake yalimsalimu mtu kuanzia miguuni. Alipomwona jirani yetu ana madoa, alirudi nyumbani akasema, “Kikulacho ki nguoni mwako,” akacheka kicheko kisicho na furaha. Baba alijibu kwamba wale ni abiria tu, na mota haichagui mtu. Lakini pindo la mama lilikuwa safi, kwa kuwa yeye hakuwahi kupakiwa hata siku moja, na hilo nililiona mapema kuliko walivyodhani. Mashaka yake yaliniambukiza. Nilimshuku hata mwalimu wangu, maskini, aliyekuja shuleni na doa moja dogo. Nilikuwa na hofu yangu mwenyewe: ndoa ile ikivunjika, mimi na mama tungerudi Mocímboa kwa bibi, na shule ingeishia hapo.

Asubuhi moja mama alimwekea baba chai, akazungumza kwa upole ambao ulinitia wasiwasi papo hapo.

“Baba Zaina, wanawake wanalalamikia nguo zao. Acha kwanza hayo mafuta, utakosa abiria.”

“Mnyororo utakatika, mama Zaina.”

“Haukatiki leo.”

Baba akakubali, maana biashara ni biashara. Haikuchukua muda, vumbi la barabara ya kwenda Mute likaumaliza mnyororo ule, ukaanza kulia kii, kii, kii, tukawa tunamsikia kabla hajafika kwenye kona. Mama aliusimamisha mchi hewani, akasikiliza sauti inaelekea wapi. Ikienda sokoni, mchi ulishuka kama kawaida. Ikienda kusini, alisema, “Mute tena,” na muhogo wa siku hiyo ulitwangwa hadi ukaomba radhi. Dalili ya mvua ni mawingu, nami niliyaona mawingu, nikawa sili nikashiba.

Mnyororo ulikatika Ijumaa, baada ya swala, katikati ya kijiji cha Mute. Ulijiviringa kwenye gurudumu, mota ikakwama ghafla, baba akarushwa na kuvunjika mguu. Dereva wa lori alituletea habari, na mimi na mama tukapanda lori hilohilo. Tulimkuta baba amelazwa mkekani, uani kwa mwanamke aliyeitwa Rehema, naye anampepea. Kapulana zake zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba, zote zina madoa kwenye pindo, mengine mapya na mengine yaliyofifia. Rehema akapiga goti.

“Shikamoo, dada. Karibu.”

Baba alijifunika uso kwa mkono, akasema alikwisha kumwoa tangu mwaka uliopita. Mimi nililia kwa hasira na aibu. Mama aliitikia, “Marahaba,” akaketi upande wa pili wa mkeka, akaomba apewe yeye kipepeo.

Ndoa haikuvunjika. Baba alipona na kuchechemea kwake, akazigawa siku zake waziwazi kama dini inavyotaka, nami nikasoma mpaka nikamaliza. Siku hizi Palma mota zimejaa kila kona, na mume wangu anayo yake. Huutia mnyororo mafuta kidogo kidogo, kisha anaufuta kwa kitambaa mpaka nje hapabaki hata tone. Haulii, wala hauchafui nguo ya mtu. Fundi yeyote angemsifu, mimi simsifu. Mota ile inapita mlangoni kwangu kimya, nami nabaki sijui imeelekea wapi. Juzi nilimwambia mama kwamba afadhali yeye, alikuwa na sauti ya kufuata, na sauti ile ndiyo iliyomfikisha kwenye ukweli. Aliendelea kuchambua mchele wake.

“Kujua nilijua mapema, Zaina, kabla sijamkataza mafuta,” alisema. “Nilitaka yule wa Mute naye ausikie mnyororo ukilia, baba yako anapoondoka kwake kurudi kwangu.”