Ngozi Iliyobanduka Mbele ya Mama Mkwe

Kuna aibu ambazo mtu huzisahau, na hii yangu si katika hizo, maana mpaka leo watu wa ukoo wa mke wangu pale Malindi wakiniona husalimu, kisha huutazama mguu, kisha hutazamana wenyewe, basi afadhali niwasimulie mimi.

Miaka ya themanini nilikuwa kibarua wa barabara, na siku moja lami ya moto ikanimwagikia mguu wa kulia, vidoleni hadi juu ya kifundo, ikaondoka na ngozi (sitaeleza zaidi, huenda kuna mtu anakula). Nikapelekwa hospitali huko Kilifi, na daktari wa upasuaji akaniambia kidonda kikiachwa wazi kitaoza, kwa hiyo anataka kukifunika kwa ngozi ya nguruwe. Mimi Mwislamu, mtoto wa chuo cha Kurani, neno hilo likaniziba masikio, na mengine yote aliyosema sikuyasikia. Nikamtuma mke wangu, Zainabu, kwa maalimu, akarudi na jibu: "Amesema dharura ina hukumu yake. Mguu ni amana, utibiwe."

Nikatibiwa, na wallahi nilistaajabu. Maumivu yaliyokuwa yakinitoa machozi yalipoa, nikawa nalala nikiwaza kwamba mnyama ambaye sijapata hata kumgusa, leo ndiye anayenisitiri.

Basi akaja kunijulia hali mama mkwe, Bi Rukia, mwanamke wa heshima zake, ambaye mbele yake hata kikohozi nilikuwa nakimeza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na hiyo ngozi imeshika?"

Ningejibu alhamdulillahi, yangeishia hapo. Lakini nikasema, "Imeshakuwa yangu, mama, hebu tazama," nikaanza kufungua bendeji mwenyewe.

Bendeji ikatoka na ngozi. Nzima, imekauka, inaning'inia kama soli iliyobanduka. Nikapiga ukelele kwamba mguu unaoza, nikashuka kitandani nikarukaruka kwa mguu mmoja nikimwita nesi, kikoi kikanasa kwenye chuma cha kitanda kikabaki huko, nami nikaanguka na shati peke yake, na pa kuangukia (Mungu anisitiri) palikuwa mapajani pa mama mkwe.

Bi Rukia akajifunika uso kwa buibui. Nesi, dada mmoja wa Kigiriama aitwaye Kadzo, akanitupia shuka, akanirudisha kitandani, akauinua mguu.

"Si uliambiwa itatoka? Hiyo ilikuwa kifuniko tu, nyama ipate kuota chini yake. Sasa daktari atachukua ngozi ya paja lako aipande hapa."

Nikatazama. Palipokuwa peusi penye usaha palikuwa na nyama nyekundu, mpya, imejaa mpaka kwenye kifundo, na Kadzo alipoigusa kwa pamba ikatoa tone la damu. "Iko hai," akasema.

Mama mkwe akafunua buibui polepole, akainama mpaka pua ikaukaribia mguu, akasahau kabisa kwamba hakutaka kuniona.

"Subhanallah," akasema kwa sauti ya chini. "Imeota kama mche."

Tukautazama mguu sote kana kwamba si wa mtu.

Ngozi ya paja ilipandwa ikashika, na ingawa kifundo hakikunjiki sawasawa, kinanibeba. Lakini nimeapa, bendeji ya daktari haitafunguliwa tena na mkono wangu, na daktari akitaja jambo la kunishtua, namwomba aanze upya, taratibu, Zainabu akiwa kando anasikiliza.