Nilipoanza Kumtafuta Koko

Siku tulipomzika mama yangu, mjomba wangu mkubwa alisimama mbele ya watu waliojaa uani kwetu Bulengera, akaanza kueleza marehemu alikuwa mtoto wa nani. Mjomba huyo ndiye mkubwa wa jamaa upande wa mama. Yeye na mama walichangia baba tu. Kila mmoja alikuwa na mama yake. Ni mzee wa kanisa la Kiprotestanti huko Musienene, mwenye sauti nzito na koti lililopigwa pasi vizuri. Alimtaja babu, akamtaja baba ya babu, akataja kilima walichohamia na msitu walioukata. Watu waliitikia kwa vichwa. Alipofika kwa mama ya mama yangu, yule ambaye kwetu anaitwa koko, alikohoa kidogo, akasema, "Na mama yake alitoka kule Beni," halafu akaketi.

Nyuma yangu wazee wawili wa jamaa walicheka chini kwa chini. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba koko alitoka Beni kwa bei ya maharagwe.

Sikuelewa maneno yale, lakini kicheko nilikielewa. Niliona haya kwa ajili ya mama aliyelala pale ndani ya sanduku, na chini ya haya kulikuwa na kitu kingine, kama harufu mbaya ambayo mtu anaisikia ndani ya nyumba na hajui inatoka chumba gani. Koko alikufa kabla sijazaliwa. Mama hakuwahi kumtaja. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha watoto kila mwaka kuchora mti wa jamaa zao, na siku ile niligundua kwamba wangu una tawi ambalo watu wanalicheka.

Kilio kilipokwisha nikaenda kwanza kwa mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja. Anakaa Butembo, karibu na parokia, na kila asubuhi anaenda misa. Nilimkuta akimenya viazi. Nilimwuliza mama yake alikuwa nani, alitoka wapi, aliolewa namna gani. Hakuinua macho.

"Ile mambo uiache," alisema. "Mama yako alikufa bila kuuliza. Juu ya nini wewe njo unauliza?"

Nikamwambia juu ya kicheko cha wale wazee. Kisu kikasimama mkononi mwake. Baadaye akaendelea kumenya, na mpaka naondoka alizungumza habari za mvua na bei ya makaa tu. Alipokuwa ananisindikiza mlangoni alisema kwamba kama lazima niulize, basi nimwulize mjomba, maana yeye alipenda sana kuisimulia hadithi ile.

Jumamosi nikapanda pikipiki mpaka Musienene. Mjomba alinipokea vizuri. Aliwaambia wake za wanawe wapike, nasi tukaketi sebuleni chini ya kalenda ya kanisa. Waliniletea bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sahani kubwa ya nyama ya nguruwe iliyokaangwa mpaka ngozi ikawa inalia menoni. Nilikuwa na njaa ya safari. Nikala, nikaomba niongezewe, nikala tena. Mjomba alifurahi. Alisema nguruwe wake hawana mfano Musienene yote, watu wanatoka mpaka Lubero kuja kuwatafuta.

Tulipokuwa tukinawa mikono nikamwuliza kuhusu koko. Alicheka, akajiegemeza kwenye kiti kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.

Alinieleza kwamba babu alikuwa mchuuzi. Alikuwa akiteremka na wabebaji mpaka upande wa Beni, akipeleka maharagwe na chumvi kutoka huku juu, na akipanda na mafuta ya mawese. Mwaka mmoja kule chini kulikuwa na njaa kali. Watu hawakuwa na mafuta wala kitu kingine cha kubadilisha. Kwenye nyumba moja, baba alimwomba babu amwachie mzigo mmoja wa maharagwe na chumvi kidogo. Babu akauliza, nami nitabeba nini? Yule baba akaingia ndani, akatoka na msichana.

"Balibeba maharagwe, yeye akabeba mutoto," mjomba alisema. "Alimuleta hapa, akalima. Mwanamuke ya nguvu sana, hata mama yangu hakumushinda. Kisha alipokomaa, muzee akamuweka ndani. Donc, hapakuwa mahari, hapakuwa mashemeji ya kusumbua. Bure kabisa."

Alilisema neno lile bure kwa utamu, kama mtu anayesimulia jinsi alivyopata bati nzuri sokoni. Nilimwuliza msichana alikuwa na umri gani. Alinyanyua mkono kuonyesha kimo: juu kidogo ya kichwa chake akiwa ameketi. Nikauangalia ule mkono, bado uling'aa mafuta kwenye vidole.

Nikasema ningependa kuliona kaburi. Alisimama bila kusita, akiwa na kijiti cha kuchokolea meno mdomoni, akanitangulia nyuma ya nyumba. Kwanza tulifika kwenye makaburi ya jamaa. La babu lilikuwa la saruji, na la mke wake mkubwa vilevile, yamezungushiwa maua mekundu. Nikasimama hapo nikifikiri ni hapo. Mjomba akaendelea kushuka mteremko, akapita choo, akasimama mbele ya banda la nguruwe.

"Iko hapa," alisema, akaelekeza kwa kidole katikati ya banda. "Fasi hii ilikuwa inakaa bure tu. Na udongo yake iko muzuri, maji hayasimame."

Ndani kulikuwa na jike kubwa na watoto wake. Lilikuwa limezamisha pua kwenye matope na mavi, likifukua, likitafuna kitu, likifukua tena. Harufu ilinipanda mpaka machoni. Nilitazama mdomo ule ukiingia ardhini, nikakumbuka sahani, na ngozi iliyokuwa inalia menoni, na mimi niliyeomba niongezewe. Nikashika mti wa ua na kutapika pale pale. Mjomba alirudi nyuma asichafue viatu. Aliita ndani waniletee maji, akasema pengine mafuta yalikuwa mengi.

Sikumuaga mjomba. Nilirudi Butembo moja kwa moja kwa mama mdogo nikiwa na nguo zinazonuka. Alinitazama mara moja tu, akajua. Alinivua kitenge, akanipa chake, akakifua kile changu mwenyewe, kwa sabuni nyingi. Akiwa ameinama juu ya beseni alisema kwamba yeye na mama walimwomba kaka yao, baba yao akiwa bado hai, asijenge banda pale. Walijibiwa kwamba mtu wa kununuliwa hana kaburi, ana mahali alipofukiwa. Tangu hapo mama hakukanyaga tena Musienene, na wawili hao walikubaliana wasituambie sisi watoto, tusije tukajiona watu wa chini.

Halafu akanipa kile nilichokuwa nakitafuta. Miaka kadhaa nyuma, mwanamume mmoja kutoka Beni alimsalimia baada ya misa, akasema walikuwa ndugu kwa upande wa mama yake. Yeye aliogopa, akamkatiza. Lakini alilikumbuka kanisa ambalo mwanamume yule alisema anasali kule Beni.

Nilingoja likizo, nikangoja tena mpaka watu wanaosafiri waseme barabara imetulia, kisha nikaenda Beni. Pale kanisani haikuwa vigumu. Mwanamume yule alijulikana. Yeye na jamaa yake walikimbia vita kijijini kwao kama wengine wengi, sasa wanakaa mjini katika nyumba ya mbao yenye baraza ndefu. Alinipa kiti, akaagiza soda. Nilipojieleza, alikunja uso.

"Ulikuya juu ya shamba?" aliniuliza.

Nikamwambia sikuja kwa ajili ya shamba, nilikuja kumjua koko tu. Hakuniamini haraka. Alieleza kwamba shamba la jamaa kule kijijini hata wao hawawezi kulifikia, na kwamba msichana yule ninayemtaja, kwa jinsi alivyosikia kwa baba yake, alikufa kwa homa akiwa mdogo. Alikufa na akaliliwa. Basi mimi siwezi kutoka kwa mtu aliyekufa. Kwamba ni yeye mwenyewe aliyemsalimia mama mdogo kama ndugu baada ya misa, hilo hakulitaja.

Mwishoni mwa baraza bibi kizee mmoja alikuwa ameketi juu ya mkeka, miguu imenyooshwa mbele. Nilidhani hasikii. Yeye ndiye aliyesema kwamba hakukuwa na homa. Mwanamume yule alimwambia kwa Kinande anyamaze. Hakunyamaza. Alikuwa mdogo wake koko.

Alinisimulia polepole, akipumzika katikati. Baba yao alipomtoa yule msichana, aliwakataza wote kusema. Alipoona majirani wanauliza, alitangaza kwamba amekufa na amezikwa usiku ule ule kwa sababu ya ugonjwa mbaya. Majirani wakaja kulia. Na kwa kuwa waliokuja kulia lazima wapewe chakula, hata wakati wa njaa, mama yao alipika maharagwe.

"Balikuwa banalia, banakula," alisema. "Na mimi nilikula. Nilijua yametoka wapi. Yalikuwa na chumvi, yalikuwa tamu. Mpaka leo najua utamu yake."

Aliufuta mdomo wake kwa nyuma ya mkono, kama mtu anayeondoa kitu ambacho hakitoki. Sikuchukizwa naye. Alikuwa mtoto. Aliyenichukiza ni mwanamume yule, mpwa wake, ambaye sasa alikuwa ametulia baada ya kuhakikisha kwamba sina habari na shamba. Alivuta kiti chake karibu, akaniambia kwa upole nisiwe na uchungu.

"Bila ile maharagwe, sisi bote hatungezaliwa," alisema. "Mais angalia, jamaa iliongezeka. Ilikuwa mupango ya Mungu."

Soda ilikuwa bado mkononi mwangu, imekwisha kupoteza ubaridi. Niliiweka chini. Kule Musienene walimla kwa kazi ya mikono yake, huku walimla kwenye sufuria, na pande zote mbili walikuwa watu wema wa kanisa, wenye viti safi kwa wageni. Nilitaka kunyanyuka niende, lakini bibi aliuliza swali.

Aliuliza kama dada yake ana kaburi zuri.

Nilifikiri kumdanganya. Nikashindwa kumdanganya, na nikashindwa pia kumwambia. Nikasema nitalitengeneza. Aliitikia kwa kichwa, akanivuta karibu, akanipa jina ambalo dada yake aliitwa kwao, kabla hajapewa lile la Musienene. Alilitamka sikioni mwangu mara kadhaa mpaka nikalitamka vizuri.

Niliporudi, mimi na mama mdogo tulikwenda Musienene pamoja. Alivaa nguo yake ya misa. Mjomba aliwaita ndugu, tukakaa, nikaomba nguruwe wahamishwe na kaburi lijengwe pamoja na mengine. Wengi waliona ni gharama ya bure. Mmoja aliuliza kama mifupa inasikia harufu. Wakacheka, na mjomba akacheka nao. Nilimwambia mjomba kwamba Jumapili nitamwomba pasta wake aje kuona mahali mzee wa kanisa alipomweka mke wa baba yake, na kwamba nitamweleza yote, kuanzia maharagwe.

Kicheko kikakatika. Hakuona haya hata kidogo. Nilimtazama vizuri usoni, sikuona haya yoyote. Niliona mtu anayepiga hesabu. Banda lilivunjwa kabla ya Jumapili ile.

Alijenga kaburi, tena zuri, la saruji, akatuita sote siku ya kuliombea. Kulikuwa na kwaya na viti vya kukodi. Alisimama na koti lake, akasimulia jinsi baba yake alivyokwenda kwenye jamaa kubwa ya Beni kuomba binti, jinsi mahari ilivyotolewa kwa mbuzi wengi, jinsi yule mama alivyoletwa kwa nyimbo. Akasema kwamba, akiwa mtoto wa kiume, alikuwa na deni la moyo kumjengea. Watu walisema amina. Pasta alimshika mkono. Wale wazee waliocheka kwenye kilio cha mama yangu walisema amina pia, kwa sauti.

Nilianza kunyanyuka niondoke. Mama mdogo aliniwahi. Alinyanyuka katikati ya sala, akafunga kitenge chake vizuri, akapita mbele ya kwaya akaenda barabarani. Nikamfuata. Tulitembea bila kutafuta pikipiki, mashamba ya viazi huku na huku, na kwa mara ya kwanza alianza kunisimulia juu ya mama yake. Kwamba alicheka kwa sauti kubwa mpaka wanawake wengine wakamsema. Kwamba aliogopa baridi ya huku juu, hakuizoea hata baada ya miaka mingi, akawa analala katikati ya binti zake wawili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Kwamba akiwa peke yake shambani alikuwa anaimba kwa matamshi ya kwao. Nilimpa jina nililopewa Beni. Hakuwa amelisikia kamwe. Alilirudia akitembea.

Haya ndiyo ninayo mpaka sasa, na nimewapa wanangu yote, mabaya kwanza. Mjomba tunakutana kwenye harusi na vilio. Ananipa mkono, nami ninaupokea kwa sababu ni mkubwa wa jamaa na watu wanatazama. Kisha natafuta mahali penye maji, nanawa.