Mafuta Yaliyoganda

Ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, fundi huyu wa cherehani haitiki upesi. Mtaa mzima ulimzoea kama Mama Sentimita, maana futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda msibani. Mteja akimwambia amepungua kiuno, yeye hucheka chini kwa chini, huvuta futi, na uongo unaisha palepale. Basi mtu huyu wa vipimo, asiyekosea hata nusu inchi, ndiye aliyeponzwa na neno moja tu.

Kaka yake alikuwa ameanguka akifunga viatu. Cha kwanza alikifunga, cha pili hakukifikia. Ni moyo, waliambiwa. Tangu hapo Mama Sentimita akipanda ngazi anasimama katikati, mkono kifuani, anasikiliza. Mwisho akaenda kliniki kupimwa damu. Daktari alikuwa na barakoa usoni na foleni isiyo na mwisho mlangoni. Alisoma karatasi, akasema mafuta kwenye damu yamezidi, akaandika vidonge, kisha akaongeza jambo moja huku macho yake yameshahamia kwa mgonjwa anayefuata. Alichosema daktari ni kwamba aache mafuta yaliyoganda. Alichosikia Mama Sentimita ni kwamba aache mafuta, yameganda.

Hakuuliza. Mgonjwa anayefuata alikuwa ameshaketi, naye akachukua cheti chake na kutoka. Njia nzima aliiona sufuria yake ya asubuhi, mchuzi wa jana umepoa na juu umetanda utando mweupe mgumu. Akajua ndivyo alivyo ndani.

Siku ileile alimwaga chupa nzima ya mafuta ya alizeti. Karanga akazigawa kwa majirani, mayai akayapiga marufuku, maziwa akayachemsha na kuyaengua mpaka yakabaki kama maji yaliyooshewa bakuli. Hata mafuta ya kujipaka aliyaacha, akapauka miguu mpaka magotini.

"Mama Sentimita," fundi viatu wa kibaraza cha pili alimwambia, "hata hiyo cherehani umeiachisha mafuta? Mbona inalia kama imefiwa?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka, alikuwa anahesabu mapigo ya moyo.

Sasa, angekuwa anaishi peke yake, woga huo ungemkondesha yeye tu na mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa analea mjukuu, mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane. Mama yake alifanya kazi kiwandani mji mwingine na alikuja mara moja kwa mwezi. Mtoto walimwita Kishikizo, kwa jinsi alivyong'ang'ania gauni la bibi yake. Alikuwa na mtindo wake: hali mpaka bibi aonje kwanza. Anashika kijiko, anakisukuma mdomoni kwa bibi, anasema, "Bibi, am," halafu anamchungulia mdomoni kuona kama kweli amemeza. Ndipo naye anakula.

Kwa hiyo chungu kilikuwa kimoja, na wote wawili walikula mboga za kuchemsha na uji mwepesi usio na kitu. Mama Sentimita hakuona ubaya. Aliona anamkinga. Kaka ameondoka, mimi niko njiani, alijiambia, lakini huyu hatatufuata.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Asubuhi moja alikata kitambaa cha gauni jipya la Kishikizo, akamsimamisha juu ya meza, akampima kifua. Akafungua daftari lake la vipimo. Akapima tena. Akabadilisha futi, akachukua ile mpya ya kabatini, akapima mara ya tatu. Katika miaka thelathini ya ushonaji ameona vitambaa vingi vikirudi na kupungua baada ya kufuliwa, lakini mtoto akirudi hakuwahi kumwona. Mkasi ulimponyoka. Alimfunga mtoto mgongoni na kwenda kliniki karibu mbio, na safari hii hata moyo wake alisahau kuusikiliza.

Nesi alimzungushia Kishikizo mkononi, juu ya kiwiko, utepe mdogo wa rangi tatu. Mama Sentimita alijua kusoma utepe kuliko mtu yeyote pale. Haukusimama kwenye kijani. Ulisimama kwenye njano, na nyekundu haikuwa mbali.

"Shikamoo, bibi. Hebu niambie, anakula nini huyu?"

"Marahaba, mwanangu. Uji, mboga, viazi."

"Na mafuta?"

"Hapana! Hata tone." Alilisema kwa fahari.

Nesi akaweka kalamu chini. "Bibi, tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Mafuta ndiyo yanayompa nguvu nyingi ndani ya kijiko kimoja. Ubongo wake unajengwa kwa mafuta. Hata hizo mboga, kuna vitamini ndani yake ambazo mwili hauwezi kuzichukua bila mafuta, zinapita tu. Nani alikuambia umnyime?"

Mama Sentimita alitoa cheti chake cha daktari kwenye mkoba. Nesi akakisoma.

"Yaliyoganda, bibi. Imeandikwa hapa. Mafuta ya nyama, samli, yale yanayokaa magumu kwenye kopo. Ya maji, kama ya alizeti, unatumia kidogo kidogo. Na hayo ni yako wewe. Mtoto hayamhusu."

"Kwa hiyo hayajaganda?"

"Yapi?"

"Ya ndani yangu."

Nesi alianza kucheka, akaiona sura ya mwanamke aliye mbele yake, akaacha.

"Basi aliyempunguza ni mimi," Mama Sentimita alisema.

"Umemleta mapema. Kijiko cha mafuta kwenye uji wake kila mlo, karanga zilizosagwa laini, yai. Nimwone tena baada ya wiki moja."

Jioni ile chupa mpya ilikuwa mezani. Maneno ya nesi aliyaelewa yote, mkono ndio haukuelewa. Alimimina kijiko, kikamwagika nusu. Akamimina tena, akakoroga mpaka macho ya mafuta juu ya uji yakapotea. Akamsogezea Kishikizo bakuli.

Kishikizo akachota, akanyoosha mkono. "Bibi, am."

"Kula wewe, mama. Hiki ni chako."

"Bibi, am."

Alijifanya anaonja kwa kugusisha midomo tu. Mtoto akamchungulia, hakuona kitu kilichomezwa, akarudisha kijiko palepale. Mkono wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba kijiko kiliuzidi uzito, kikawa kinayumba. Mama Sentimita alimwona kaka yake sakafuni na kiatu kimoja. Alisikia moyo ukigonga mpaka masikioni. Aliogopa kuliko siku ya barakoa, kuliko siku ya maziko.

Alifungua mdomo, akameza.

Uji ulikuwa mtamu, na machozi yakamtoka. Kishikizo aliinuka kwenye kigoda, akamchungulia mdomoni kulia na kushoto, akaona ni patupu. Ndipo naye akafungua wake.