Pointi za Shemeji

Shemeji yangu, fundi friji, ni mbishi. Ukimwambia maji ni maji, atakuuliza ya baridi au ya moto. Dada yangu alimvumilia miaka yote, na alipofariki akatuachia sisi kazi hiyo. Sisi ni mimi peke yangu, maana hawakujaliwa watoto.

Ndipo akaanzisha jukwaa la mafundi friji mtandaoni. Eti la kazi. Kazi gani! Mtu alitaka wa kumjulia hali. Kila asubuhi, kabla hajafungua karakana, salamu zilimiminika kwenye simu: "Mmeamkaje, mafundi?" "Fundi mkuu, umelalaje?" Naye akijibu mmoja mmoja, chai ikimpolea mbele yake. Nyumbani hakukuwa na mwingine wa kumuuliza amelalaje.

Siku moja fundi wa zahanati akaomba msaada, friji ya dawa imezima. Jibu alipewa, ila lilizama chini ya salamu. Alipoliona, dawa zilikuwa zimeshaharibika. Shemeji alikosa raha kabisa. Akanijia na mfumo wa pointi. Jibu lililosaidia, tano. Swali lililoeleza tatizo vizuri, mbili. Ujumbe usio na kazi, unakatwa moja. Pointi zikiisha, huruhusiwi kuandika, uwe mzee au kijana, hata uwe yeye mwenyewe.

"Na salamu je?" nikamuuliza.

"Salamu imewahi kutengeneza friji?"

"Haya, bwana mkubwa. Mimi simo."

Mfumo ulifanya kazi, nisimnyime haki yake. Maswali yakajibiwa chapchap. Vijana waliokuwa wakidharauliwa wakapanda kwa majibu yao, na wazee wa makelele wakashika adabu. Asubuhi simu ikawa kimya. Shemeji aliigeuzageuza mezani, kisha akainuka kwenda kazini.

Baadaye akaugua homa, akalala kitandani siku nyingi. Nilikuwa nikimpelekea uji, na kila nikiingia anauliza kama simu imelia. Haijalia. Nilitamani kuwatukana wote, jamani! Lakini kosa lao nini? Nani akatwe pointi kwa kusema pole?

Alipopata nafuu nikamsindikiza karakana, akaandika: "Hamjambo ndugu zangu? Nilikuwa naumwa." Mfumo wake ukamkata moja papo hapo. Likaja jibu moja tu, la heshima tele: "Fundi mkuu, taja aina ya friji na tatizo lake."

Nikaangua kicheko. Kisha nikauona uso wake, nikaona haya.

"Ifute sheria hiyo! Si yako?"

"Sheria ni msumeno, shemeji. Nikijifutia mimi, yule wa zahanati nitamwambia nini?"

Akaishika simu, akaandika taratibu: friji ya milango miwili, inawaka, haigandishi. Simu ikaanza kulia mfululizo. Umeangalia gesi? Feni inazunguka? Pole sana fundi, hiyo inasumbua, usikate tamaa, tuko pamoja. Akawajibu mmoja mmoja, macho yamemlowa, akiwagawia pointi zao.

Nikaitazama karakana kona zote. "Friji yenyewe iko wapi?"

"Haipo," akasema, na akawaomba wamweleze tena kuanzia mwanzo.