Taa ya Uji ya Baba Mdogo

Mwezi uliopita fundi umeme alikuwa anamalizia nyumba yangu ya Buswelu. Nilipofika kukagua kazi, akanionyesha sebuleni swichi ambayo sikumwagiza. Haikuwa ya kubonyeza. Ilikuwa ya kuzungusha, kama kile kitufe cha sauti kwenye redio za zamani.

"Hii ni dima, dada," akaniambia kwa fahari. "Unapunguza mwanga unavyotaka. Jaribu."

Nikazungusha. Taa ikafifia taratibu, na mkono wangu ukasimama wenyewe kwenye robo ya mzunguko kabla sijauambia usimame. Nikauondoa kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Itoe," nikamwambia.

"Haijakupendeza?"

"Itoe tu, fundi. Weka ya kawaida."

Alinishangaa, na sikumlaumu. Mkono wangu ulijifunza kusimama pale nikiwa na miaka kumi, na sikuwa nimemwambia mtu habari zake. Ngoja nikwambie wewe.

Nilikulia Ilemela, kando ya ziwa, kwa Bibi, mama yake baba. Wazazi wangu walikuwa Kisesa na duka lao, mimi nikaachwa kwa Bibi kwa ajili ya shule. Nyumba ilikaa katikati ya mawe makubwa kuliko yenyewe. Mchana kutwa yale mawe yalikunywa jua, na jioni ukiyakalia yalikuwa bado yanakupasha joto mapajani. Ndege zilipokuwa zinashuka uwanjani, vikombe viligongana kabatini, naye Bibi aliinua macho kidogo, kisha akaendelea kuchambua mchele wake. Kazi yangu ilikuwa kuchunga dagaa waliotandazwa juu ya jiwe pana nyuma ya jiko, nikifukuza kunguru, mpaka wenzangu darasani wakawa wananisogelea na kunusa nywele zangu huku wakicheka. Nikitoka shule nilikuta michembe iliyochemshwa na karanga imefunikwa kwa sahani. Ule utamu wa viazi vilivyokauka juani, sijawahi kuupata tena mahali popote.

Tuliishi na baba mdogo, kitinda mimba wa Bibi. Alikuwa fundi umeme, kijana mrefu, na bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kwa sababu ya kubeba mizunguko ya waya tangu akiwa mwanafunzi wa ufundi. Mimi nimerithi jina la Bibi, kwa hiyo aliniita mama, na nilipomwamkia shikamoo alicheka akasema, "Marahaba mama yangu, lakini mimi ndiye wa kukuamkia."

Siku moja alirudi na taa. Alipewa na mgeni mmoja aliyekuwa anahama. Ilikuwa chupa ndefu iliyochongoka juu, imesimama juu ya kikombe cha bati, ndani ina maji ya njano, na chini yake nta nyekundu imelala kama ini buchani. Balbu ilikaa ndani ya kile kikombe. Ikipata joto, nta inalainika, inapanda, inapoa, inashuka. Balbu yake ya asili ilikuwa imeungua, akaweka nyingine tuliyokuwa nayo, kubwa kuliko ile. Nta ikachemka na kukatikakatika kama uji ulioungulia. Ndiyo maana watoto wa jirani wakaiita taa ya uji. Bibi aliiita "langi". Alikuwa Msukuma wa zamani, na herufi ya r haikupenda ulimi wake.

"Washeni langi yenu nione," alikuwa anasema.

Baba mdogo akatafuta dawa. Baada ya siku mbili alikuja na kiboksi cha mbao chenye kitufe cha kuzungusha, akakiunga kwenye waya wa taa. Akanikalisha mbele yake.

"Kuanzia leo dereva ni wewe. Ukifungua sana, inavurugika. Ukibana sana, inalala. Itafute katikati."

Nikaitafuta. Nilijifunza kuifanya nta itoe matone makubwa yanayopanda bila haraka, yanapishana, yanagusana na kuachana. Nilijifunza pia kwamba umeme wetu haukuwa mtulivu, ulipanda na kushuka, na kidole changu kilipaswa kuufuata. Na chini ya ile katikati, kwenye robo ya mzunguko, niligundua mahali pengine. Pale nta haikutoa matone. Ilinyanyuka kutoka chini kama shina moja, ikawa na kiuno, shingo, na kichwa, ikasimama hivyo hivyo.

Baba mdogo hakupapenda mahali pale. "Hapo inasimama kama mtu," alisema. "Iongeze kidogo, mama. Itembee."

Mwaka ule ule alipata kazi ya kuweka umeme kwenye nyumba ya mtu kisiwani. Alikwenda salama. Wakati wa kurudi, upepo uliwakuta katikati ya maji na mtumbwi ukapinduka. Wenzake wote walipatikana, wengine wazima, wengine maiti. Yeye hakupatikana. Baba alikuja kutoka Kisesa, akatembea ufukweni kutoka mwalo mmoja hadi mwingine, akiwauliza wavuvi. Alirudi jioni viatu vikiwa mkononi, bila habari.

Wiki zilipopita, ndugu walikubaliana wamalize matanga hata bila mwili. Bibi alikataa.

"Matanga ya nani?" aliwauliza. "Nani kati yenu amemwona?"

Hakuwa amelia hata mara moja. Kila mlo alipakua sahani ya baba mdogo, akaifunika, na kesho yake akawapa kuku. Yeye mwenyewe alikula tonge mbili, akanawa.

Alasiri moja, nikiwa nimemkumbuka baba mdogo, nilivuta pazia la chumba chake nikawasha taa. Ilikuwa imekaa siku nyingi bila kuwashwa na mkono wangu ulikuwa umesahau. Nilibana kupita kiasi. Nta ikanyanyuka, ikasimama. Bibi akaingia na ile sahani, akaishia mlangoni.

"Nani amesimama hapo?"

Nikageuka kumwangalia, kisha nikatazama anapotazama. Lile umbo jekundu lilikuwa refu, na bega lake la kulia lilikuwa limeshuka.

Nikapeleka mikono kwenye kiboksi ili niongeze moto, livunjike.

"Usimguse!" Bibi alisema. "Acha hivyo hivyo. Asiondoke."

Tangu siku hiyo, kila nilipotoka shule, kazi yangu haikuwa tena dagaa. Nilikaa sakafuni, kidole kwenye kitufe, nikamsimamisha baba mdogo ili mama yake aongee naye. Alimpa habari za nyumbani. Alimweleza kuku gani ametaga, nani ameoa, bati gani linavuja. Shina la nta likitikisika, alisema amesikia. Likiinama, alisema amekubali. Nami baada ya siku chache nilijua namna ya kuliinamisha, kuongeza moto kiasi cha unywele tu.

Nikwambie ukweli, nilifanya hivyo. Bibi alikuwa amekonda, gauni linamcheza. Siku moja akauliza, "Mwanangu, na mimi nile?" Nikaongeza unywele. Kichwa kikainama. Bibi akala sahani nzima ya ugali na sato, nami nikafurahi na kuogopa kwa wakati mmoja. Niliogopa zaidi siku ambazo lile umbo liliinama kabla sijafanya chochote. Nilijiambia ni umeme.

Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akiingia kwetu bila hodi, alikuja kuazima ungo. Alitukuta mle chumbani. Alimtazama Bibi, akaitazama taa, kisha akanong'ona, "We mtoto, mnafanya nini humu?" Akaondoka bila ungo, na akaacha kuingia kwetu. Bibi akaacha kwenda kanisani. Kisha akaanza kunizuia shule. "Leo usiende, mke mwenzangu. Jana hakusimama vizuri." Mwalimu alipokuja kuniulizia, Bibi alimwambia naumwa, nami nikiwa nyuma ya pazia, kidole kwenye kitufe.

Baba alipata habari akaja. Alisimama mlangoni muda mrefu, na najua aliliona lile bega, maana nilimwona akishika la kwake.

"Mama," alisema, "hii ni nta."

"Na wewe ni nyama," Bibi akamjibu. "Kaa umsalimie mdogo wako."

Baba hakukaa. Alitoka nje. Kabla ya kuondoka aliniambia angekuja kunichukua Jumamosi. Kabla Jumamosi haijafika, ikafika Alhamisi.

Ilikuwa saa tisa mchana, ziwa limefunikwa na wingu, na upepo unaleta harufu ya mvua na samaki. Bibi alikuwa ameoga. Alikuwa amejipaka mafuta na kuvaa kitenge chake cha kwendea kwa watu. Viatu aliviacha kando ya mlango, vimepangwa, vinatazama nje. Akaketi kitandani kwa baba mdogo.

"Msimamishe vizuri," aliniambia. "Leo nina jambo la kumwuliza."

Nikamsimamisha. Alichukua muda kupanda siku hiyo, na aliposimama alikuwa mrefu kuliko siku zote.

"Mwanangu," Bibi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Huko uliko uko peke yako. Nimekaa nikafikiri, si vizuri. Nikufuate? Ukitaka nije, inama upande wa ziwa. Nitatoka sasa hivi."

Kutoka mlangoni kwetu mpaka majini ni kushuka tu kati ya mawe. Hata mtoto alishuka akikimbia.

Kidole changu kilikuwa kimetulia. Naapa kilikuwa kimetulia. Sikuongeza wala sikupunguza, na balbu haikucheza. Lakini niliona ile shingo inaanza kulainika, na kichwa kinaanza kwenda, polepole, upande wa dirisha, upande wa ziwa. Bibi akashika magoti yake kujiandaa kuinuka.

Nikazungusha kitufe chote chini mpaka kikalia tik.

Sasa sikiliza. Nta haipoi haraka. Ukizima taa ile, unaweza kwenda kuchota maji na kurudi ukaikuta bado inashuka. Nilikuwa nayo miezi, naijua. Lakini siku ile, palepale nilipozima, lile umbo lilikunja magoti na kukaa chini. Sina namna nyingine ya kulisema. Lilikaa, likajikusanya, likalala chini ya chupa, na chumba kikawa na mwanga wa pazia tu.

Bibi alibaki na mikono magotini.

"Amekaa," alisema.

Nilingoja anigeukie, anipige, anifukuze. Hakunitazama.

"Amenikatalia," akasema tena. Kisha akafungua mdomo, na kilio ambacho kilikuwa hakijatoka tangu mtumbwi upinduke kikatoka chote. Sijasikia tena sauti kama ile. Majirani walikuja mbio, na yule mama wa ungo ndiye aliyefika wa kwanza, akamkumbatia Bibi sakafuni, akawa analia naye.

Baba alipokuja Jumamosi, alikuta matanga. Waliweka nguo za baba mdogo katikati ya watu, katekista akasali, wakazizika kati ya mawe mawili upande unaotazama maji. Bibi mwenyewe aliifunga ile taa na kiboksi chake ndani ya kanga, akamkabidhi baba. Sikuuliza aliipeleka wapi. Mimi nilirudi shule, na Bibi akarudi kanisani. Sahani ya kufunikwa haikuonekana tena mezani.

Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto, nilipomwambia. Bibi alikuwa anaumwa ugonjwa wake wa mwisho, nami nilikuwa namkanda miguu.

"Bibi, siku ile ni mimi niliyezima taa."

"Unadhani sikusikia? Kilikuwa kinalia tik, kile kidude."

"Sasa mbona ulisema amekukatalia?"

Alifumba macho. "Mlikuwa wawili mlionijibu," akasema. "Mmoja aliniita, mmoja alinikataza. Nikakusikiliza wewe." Akaomba maji, akanywa kidogo, akalala. Nilikaa pale mikono ikiwa na mafuta, na sikupata ujasiri wa kumwamsha nimwulize zaidi.

Leo pale Ilemela pana ukuta mrefu na geti. Lile jiwe la dagaa walilipasua kokoto, na yale mawili yaliyolinda nguo za baba mdogo nayo hayapo, sijui yamejenga nyumba ya nani. Michembe inauzwa sokoni, lakini ni ya kulowekwa na sukari. Yule jirani alifuata wanawe Dar. Baba ukimgusia habari hizi anainuka kwenda kuangalia ng'ombe. Watu wa chumba kile tulikuwa watatu, kama nikihesabu jinsi Bibi alivyohesabu, na nimebaki mimi. Miaka yote nilijiambia kwamba kichwa kile kiliinama kwa sababu mkono wa mtoto ulitetemeka. Bibi alikuwa ameketi hatua moja kutoka kwenye mkono huo, anautazama, na aliposema tulimjibu wawili, alijua haukutetemeka.